Video ya polepole: fremu za kamera au fremu za programu?

Video iliyorekodiwa kwa fremu 25, yaani picha 25 mojamoja, kwa sekunde, ikipunguzwa kasi mara nne na kuonyeshwa kwa fremu hizohizo 25, huhitaji fremu 100 kwa kila sekunde ya tukio, ilhali kamera ilinasa robo yake tu. Kurudia kila fremu mara nne hufanya mwendo ukatikekatike. Kuchanganya fremu mbili jirani humpa mchezaji mikono miwili hafifu mahali pa mmoja. Ndiyo maana programu kama Twixtor na DaVinci Resolve hukadiria kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, imeelekea wapi, kisha huchora zenyewe fremu za katikati.

Wanaosema video ya polepole itoke kwenye kamera, kwa fremu 120 au zaidi, wana hoja nzito, kwa kuwa kila fremu yao ilitokea kweli. Tatizo lao ni mwanga. Mpigaji wa fremu 25 kwa kawaida huacha shata, kilango kinachoingiza mwanga kwenye kamera, wazi kwa 1/50 ya sekunde, yaani nusu ya muda wa fremu. Akipanda hadi 120, hata 1/100 haiwezekani kwa kuwa kila fremu hudumu 1/120 tu, na kwa kanuni hiyohiyo ya nusu atatumia 1/240, yaani takriban moja ya tano ya mwanga. Katika ukumbi wa harusi usiku picha hujaa chengachenga, na kwa umeme wetu wa herzi 50 baadhi ya taa zitaonekana zikipepesa. Hapo, kwangu, kukadiria fremu ni uamuzi wa fundi anayejua kazi yake, hasa bi harusi anapogeuka taratibu mbele ya pazia tupu.

Lakini mkono ukipita mbele ya uso, programu haina habari ya kilichofichwa nyuma yake, hivyo hubuni, na vidole huyeyuka. Ukungu wa mwendo uliokwisha kuingia katika fremu asilia nao hubaki.

Kwenye ushahidi wa mahakamani sikubali kabisa. Utafiti wa Eugene Caruso na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la kisayansi la PNAS, ulionyesha kwamba upolepole wenyewe humfanya mtazamaji aone kusudi zaidi katika tendo. Tukiongeza juu yake fremu tatu za kubuni kwa kila moja ya kweli, hakimu atapima nia ya mtu kwa sehemu za sekunde ambazo kamera haikuziona. Video ya namna hiyo iwasilishwe na fremu zake asilia pekee, hata kama itakatikakatika.