Ushuru wa gesi nao ni habari ya hospitali

Kila mara mtu akisema afya iangaliwe kwa kila sera ya serikali, si ya wizara ya afya peke yake, kuna mwenye atauliza kwani madaktari sasa wanataka kuendesha nchi. Swali si la kijinga. Lakini nafikiri watu wengi wanaelewa hili jambo vibaya, na mfano mzuri wa kuonyesha hivyo tunao hapa Kenya, wala hauhusu dawa au madaktari, unahusu chenye watu wanapikia.

Rudi kidogo 2018. Mwezi wa pili serikali ikasimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma, sababu mito ilikuwa inakauka, na makaa yakapanda bei karibu papo hapo. Mwezi wa tisa ikaja tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, hapa shabaha ilikuwa wale walaghai wa kuchanganya mafuta taa na dizeli. Halafu Julai 2021 VAT ya asilimia 16 ikarudishwa kwa gesi ya kupikia, VAT ambayo ilikuwa imetolewa 2016 ndiyo watu wahamie gesi, na ikifika 2022 mtungi wa kilo 13 ulikuwa umepita 3,000, ingawaje hapo bei ya dunia pia ilichangia.

Sasa angalia, kila uamuzi ukiutazama peke yake una akili. Misitu lazima ilindwe, hilo hata sibishani. Dizeli iliyochakachuliwa inaua injini, inaibia serikali kodi, na wateja wetu wa nchi jirani walikuwa wanalalamika. Hazina nayo inatafuta pesa, na kila msamaha wa kodi ni shimo mahali pengine. Lakini jiko ni moja. Makaa yamepanda, mafuta taa yamepanda, gesi imepanda, na hakuna ofisi moja ilikaa chini ikauliza huyu mtu wa Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, atapika na nini.

Nawaambia atapika na nini. Kwenye chumba kimoja cha mabati, kitanda upande mmoja na pazia katikati, jiko linawashiwa nje mpaka moshi upungue kisha linaingizwa ndani, na mwezi wa saba kukiwa na baridi linaingizwa mapema kuliko inavyofaa na mlango unafungwa. Githeri, yaani mahindi na maharagwe, haiivi na makaa ya mkebe mmoja, kwa hivyo unaongezea vipande vya mbao za mjengo, zingine zina rangi, ama unaacha kabisa kupika maharagwe unanunua chapati na soda. Mtoto yuko mgongoni. Kwa dunia nzima WHO, shirika la afya duniani, ilikadiria moshi wa ndani ya nyumba uliua watu kama milioni 3.2 mwaka 2020, na kwa watoto wadogo njia yake kubwa ni nimonia. Sensa ya 2019 ilipata asilimia 55.1 ya nyumba za Kenya zinapikia kuni, 11.6 makaa, 7.8 mafuta taa, gesi ni 23.9 tu. Kwa hivyo hatuongelei kakikundi ka watu.

Na hapa ndipo kuna kitu kinanisumbua sana, ambacho sioni kikiongelewa. Tangu 2013 hospitali nyingi ziko chini ya kaunti. VAT inakusanywa na serikali kuu. Yaani Nairobi inapandisha gesi, inahesabu mapato yake, inajisifu, halafu mtoto anayekohoa anapelekwa hospitali ya kaunti, oksijeni inalipwa na kaunti, nesi ni wa kaunti, na mama amekosa kibarua siku nne yuko wodini. Ile pesa Hazina ilipata inaonekana kwa vitabu, ile imepotea haionekani mahali, imetawanyika kwa kaunti 47 na kwa mifuko ya watu. Ukiwa wewe ni afisa wa Hazina, kwa nini ujali? Si eti ni mtu mbaya, gharama haiko kwa meza yake tu.

Wanaopinga wana hoja nzito pia. Wanasema serikali ikisubiri wizara ya afya ipige muhuri kila kitu hakuna kitu kitasonga, na wizara yenyewe inalemewa na kazi yake, migomo ya madaktari tumeiona. Pia afya haijibu kila swali moja kwa moja: mafuta taa yenyewe ni mabaya kwa mapafu, WHO inashauri watu wasiyatumie nyumbani, kwa hivyo ile tozo ya 18 mtu anaweza kuitetea kwa jina la afya hiyohiyo! Kweli, ila mafuta taa yakipanda ingefaa gesi ibaki chini. Sisi tuliirudishia kodi, na mpangilio kama huo ndio mtu mmoja wa afya kwenye kikao angeushtukia mapema.

Wala si ndoto za mbali. Quebec, jimbo la Canada, wana kipengele cha sheria tangu 2002, waziri akiandaa sheria inayoweza kugusa sana afya lazima ashauriane na waziri wa afya. Kushauriana tu, si kuomba ruhusa. Finland ndiyo iliisukuma hii fikra Ulaya 2006. Sisi wenyewe tangu 1999 sheria inataka ripoti ya mazingira kabla ya miradi mikubwa, lakini kodi inayoingia kila jikoni inapita bila hata ukurasa mmoja.

VAT ya gesi ilipunguzwa hadi 8 mwaka 2022 na ikaondolewa 2023, na marufuku ya ukataji miti ikalegezwa mwaka huohuo, tena bila hesabu yoyote ya afya ambayo mimi nimeiona ikitajwa. Bahati mbaya ikaisha na bahati nzuri, na bajeti ijayo inaweza kurudisha. Huo ukurasa mmoja ukiwekwa kwa mswada wa fedha utajazwa kiholela, najua, kama ripoti nyingi za mazingira. Lakini seneta wa kaunti yenye wodi imejaa atakuwa na karatasi ya kushika akimuuliza waziri ni nani atalipia oksijeni.