Kuua kwa boti, kuua kwa gari: mbona adhabu hazilingani?

Uingereza, dereva wa gari anayeua mtu kwa kuendesha kwa hatari anaweza kufungwa maisha. Ndicho kiwango cha juu tangu Juni 2022. Mtu huyohuyo akipanda boti ya kasi na kumuua muogeleaji, hakuna kosa la aina hiyo la kumshtaki nalo. Inabaki kuua bila kukusudia kwa uzembe uliokithiri, kosa gumu kulithibitisha, au kifungu cha 58 cha sheria ya meli ya mwaka 1995, ambacho mwisho wake ni miaka 2 jela. Pikipiki za majini ziliwekwa chini ya kifungu hicho mwaka 2023 tu.

Canada haitofautishi gari na boti. Tangu Desemba 2018, uendeshaji hatari unaosababisha kifo unaweza kuleta kifungo cha maisha, na unaojeruhi miaka 14. New South Wales, Australia, kifo ni miaka 10, na 14 mazingira yakiwa mabaya zaidi, kwa mfano mwendeshaji akiwa amelewa sana.

Wanaopinga adhabu kali wana hoja ninayoiheshimu. Majini hakuna njia iliyochorwa, boti haina breki, na wimbi moja laweza kumpokonya nahodha usukani. Tena aliyekufa anaweza kuwa wa nyumbani kwa nahodha mwenyewe. Padstow, pwani ya Uingereza, mwaka 2013, boti iliwarusha majini watu 6 wa familia moja, ikaendelea kuzunguka kwa kasi bila mtu na kuwarudia. Baba na bintiye walikufa. Kamba ya kuzimia injini haikuwa imefungwa mwilini mwa mwendeshaji. Sioni gereza lingewasaidia nini waliobaki.

Lakini huruma ya namna hiyo hakimu anaweza kuionyesha hata kiwango cha juu kikiwa kirefu. Kiwango kifupi ndicho kinachomfunga mikono siku anapoletewa mtu aliyekunywa, akafungua injini yote na kupita katikati ya waogeleaji. Huyo hakupokonywa kitu na wimbi. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana zinamtaka kila nahodha awe macho muda wote na aende mwendo wa usalama. Kwa kuwa breki hana, mwendo ndio breki yake, na anauchagua mwenyewe.

Kinachonisumbua zaidi ni kitu kidogo kuliko kifungo. Mahakama ya Canada inaweza kumpiga marufuku mkosaji asiendeshe chombo majini. Uingereza, anayeendesha boti yake binafsi baharini kwa starehe hahitaji leseni yoyote. Leseni ya gari hakimu anaweza kuichukua. Ya boti hakuna ya kunyang'anya, na mkosaji akitoka gerezani anaweza kurudi kwenye usukani wikiendi hiyohiyo.