Dira ya elektroniki si kitu cha kufungwa popote penye nafasi

Inakera kuona sensa nzuri ya dira imefungwa nyuma ya dashibodi, ubavuni mwa spika ya redio, kisha lawama zinaangukia otopailoti, yaani usukani unaojiendesha wenyewe, kwa kuipeleka boti mshazari. Spika ina sumaku! Iache mbali walau mita 1, na injini mbali zaidi.

Nyaya ndizo zinazosahaulika kabisa. Waya mmoja wenye ampea 10, ukipita sentimita 10 kutoka kwenye sensa, huzalisha uga wa sumaku wa mikrotesla 20 hivi, na uga wa dunia wenyewe ni kati ya 25 na 65 tu. Ndiyo maana dira inaruka kila pampu inapowaka. Sokota waya chanya na hasi pamoja, uga wao utafutana. Skrubu ziwe za shaba, maana hainasi sumaku.

Mahali pazuri ni chini, karibu na katikati ya boti, ambako mrama (kuyumba kwa boti) ni mdogo. Chombo cha chuma ni kesi nyingine: humo bora dira ya setilaiti yenye antena mbili. GPS ya kawaida haitoshi, maana huonyesha boti inakosogea, si omo (mbele ya boti) inakotazama. Mkondo wa maji ukisukuma, hayo ni mambo mawili tofauti.

Ukimaliza, zungusha boti duara taratibu kwenye maji tulivu, vifaa vikiwa vimewashwa, sensa ijisahihishe. Halafu, tafadhali, usiweke sanduku la spana kwenye kabati ilimo sensa. Kazi yote inaharibika.