Mlango wa Fundi: Kusasisha Leo au Kusubiri Wiki?

Mafundi wawili ninaowafahamu, mmoja wa Kariakoo na mwingine wa Mwenge, hawapatani katika jambo moja. Wote wanahudumia biashara ndogo: maduka ya dawa, ofisi za uhasibu, nyumba za wageni. Wote wanatumia programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali. Mteja akipiga simu kwamba printa imegoma, fundi hapandi daladala. Anafungua laptopu yake na kuingia kwenye mashine ya mteja kana kwamba ameketi pale kaunta. Wa Kariakoo huweka kila sasisho siku linapotoka. Wa Mwenge husubiri wiki, wakati mwingine mwezi. "Apdeti ni kama mboga ya jirani," huwa anasema, "waache wengine waonje kwanza."

Nianze na wa Mwenge, maana ndiye anayelaumiwa siku zote, na lawama nyingine si haki. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma kwa wateja wake faili moja lenye kasoro. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliangushwa. Ndege zilibaki chini na hospitali zikarudi kwenye karatasi, na mashine nyingi zikabidi zifufuliwe moja moja kwa mkono. Shirika kubwa lina jeshi la mafundi. Mtu mmoja mwenye kompyuta arobaini zilizotawanyika kutoka Mbagala hadi Tegeta angemaliza siku ngapi kwenye foleni ya magari? Na hapo sijagusa balaa ndogo za kila mwezi: sasisho linalofanya printa ya risiti isitambulike, tena mwisho wa mwezi, wateja wamejipanga. Mwenye duka hajawahi kumwona mdukuzi, lakini foleni iliyokwama anaiona, na anajua nani wa kumlaumu.

Ana hoja nyingine nzito zaidi. Sasisho lenyewe laweza kuwa ndilo lililobeba sumu. Shambulio la NotPetya la tarehe 27 Juni 2017 liliingia Ukraine kupitia masasisho ya M.E.Doc, programu ya kodi na uhasibu. Mwaka 2020 ikawa zamu ya SolarWinds: wateja wasiozidi 18,000, kwa hesabu ya kampuni yenyewe, walipakua toleo la programu ya kusimamia mitandao ambalo wavamizi walikuwa wamelipenyezea mlango wa siri. Waliokuwa wakitii kila tangazo la "sasisha sasa" ndio waliojipaka sumu.

Hoja hii inasikika vizuri mpaka utazame tarehe. Masasisho ya M.E.Doc yaliyochafuliwa yalianza Aprili, yakaja mengine Mei, na la mwisho tarehe 22 Juni. Yale ya SolarWinds yalianza kusambaa Machi 2020 na kugunduliwa Desemba. Anayesubiri wiki moja angeipokea sumu ileile akiwa amechelewa kidogo tu. Kusubiri kunamkinga mtu na sasisho bovu, ambalo kelele zake husikika siku hiyohiyo. Sumu hukaa kimya kusudi, na wanaoonja kwanza hawaumwi tumbo kwa wakati wa kukuonya.

Sasa wa Kariakoo. Ushahidi wake mkubwa ni ScreenConnect, programu ya kampuni ya ConnectWise inayotumiwa na mafundi wa aina yetu kabisa. Tarehe 19 Februari 2024 kampuni ilitangaza tundu, yaani kasoro ya usalama ndani ya programu, lililopewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Namna lilivyofanya kazi inatia aibu. Programu ina ukurasa wa kuisimika siku ya kwanza, pale unapomtengeneza msimamizi mkuu. Ukishamaliza, ukurasa ule unapaswa kujifunga moja kwa moja. Lakini ukiongeza kijisehemu kidogo mwishoni mwa anwani yake, ulifunguka tena, na mtu yeyote duniani akaweza kujiandikisha kuwa msimamizi mkuu wa seva yako, ile kompyuta inayounganisha mashine zote za wateja wako. Hakuhitaji kubahatisha neno la siri. Akishaingia anapata kompyuta zote ulizounganisha, pamoja na uwezo wa kusukuma programu yoyote ndani yake kwa mpigo, maana hiyo ndiyo kazi ya chombo chenyewe.

Kesho yake tu kampuni ilikuwa imethibitisha kwamba baadhi ya seva zimeshavamiwa. Tarehe 22 CISA, wakala wa usalama wa mitandao wa Marekani, ililiingiza tundu hilo kwenye orodha ya yale yanayotumiwa na wavamizi, na kuzipa ofisi za serikali kuu hadi tarehe 29 kuliziba. Kwa kalenda ya Mwenge, siku hiyo ndiyo kwanza angekuwa anakaribia kuuliza wenzake limewakaaje.

Kuna jambo dogo hapo linalopitwa haraka. Waliokuwa wakilipia huduma iliyo kwenye seva za kampuni yenyewe walikuta wameshazibiwa. Waliobaki uchi ni wale wenye seva zao wenyewe ofisini au nyumbani, na baadhi yao leseni za matengenezo zilikuwa zimekwisha. Kampuni iliwaruhusu nao wasasishe, na ilifanya vyema. Huku kwetu fundi hukwepa malipo ya kila mwezi kwa dola, anajiwekea seva yake, na wengine wanatumia toleo lililovunjwa kufuli ambalo likigusa sasisho linakufa. Huyu wa mwisho hayumo hata kwenye mjadala wa leo au wiki ijayo. Hawezi kusasisha kabisa.

Kwa hiyo wa Kariakoo ameshinda? Ningesema hivyo kama si ile Ijumaa ya tarehe 2 Julai 2021. Kundi la wavamizi la REvil lilipita kwenye VSA, programu ya kampuni ya Kaseya ya kusimamia kompyuta kwa mbali, likafika kwa kampuni zisizofika 60 zinazohudumia kompyuta za wengine, na kupitia hizo likafunga mafaili ya biashara zinazokadiriwa kufikia 1,500. Huko Sweden maduka mengi ya Coop, yenye matawi karibu 800, yalifunga milango kwa sababu mashine za keshia ziligoma. Coop haikuwa hata mteja wa Kaseya. Aliyekuwa mteja ni mtoa huduma wa mashine zake za malipo. Wavamizi walitaka dola milioni 70 kwa ufunguo wa kufungulia wote.

Na sasisho lilitoka tarehe 11 Julai. Watafiti wa Uholanzi wa taasisi ya DIVD walikuwa wameiarifu kampuni tangu Aprili, na kiraka kilikuwa bado kinashonwa wavamizi walipofika. Fundi mwepesi kuliko wote duniani hangekuwa na cha kuweka siku ile.

Hapa ndipo ninapoachana na wote wawili. Wanabishana juu ya siku ya kubadilisha kitasa, na mlango wenyewe umeelekezwa barabara kuu. Seva ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuibishia hodi haina haki ya kusubiri hata siku moja, na kama Kaseya ilivyoonyesha, hata haraka haitoshi. Ile ambayo haionekani mpaka upite kwanza kwenye VPN, yaani njia ya faragha ya kuingilia mtandao, inayodai uthibitisho wa hatua mbili, na inayozimwa usiku wakati hakuna anayehudumiwa, hiyo imejinunulia siku chache za kuonja. VPN nayo ni programu na ina matundu yake; waliokuwa na vifaa vya VPN vya kampuni ya Ivanti Januari 2024 wanalijua hilo. Hata hivyo milango miwili si sawa na mmoja. Na bakapu, nakala ya akiba ya mafaili, iwe mahali ambapo chombo hiki hakifiki, la sivyo atakayekiteka ataifuta kabla ya kugusa kitu kingine.

Wa Mwenge akinisikia huuliza nani atalipia. Swali la haki. Mteja anayelipa elfu hamsini kwa mwezi hajawahi kukubali mstari wa "kusasisha" kwenye ankara. Lakini taarifa za wagonjwa zikivuja kutoka duka la dawa, anayeulizwa kwanza ni mwenye duka. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya sheria yao ya 2019 inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Mstari ule kwenye ankara ni wake pia, si wa fundi peke yake.

Kuliko ubishi wa siku, kinachonitisha ni programu zisizo na mwenyewe. Tarehe 2 Februari 2024 AnyDesk, kampuni nyingine ya programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, ilitangaza kuwa mifumo yake imevamiwa, ikabatilisha vyeti vyake vya usalama na kuwataka watumiaji wahamie toleo jipya. Nani aliwaambia makeshia? Mafundi wengi tunatembea na kisimikio cha zamani kwenye flashi. Tunakiweka, tunaandika neno la siri moja kwa wateja wote, tunaondoka.

Mwezi uliopita nilimuuliza mama mmoja mwenye duka la dawa ni watu wangapi wanaweza kuingia kwenye kompyuta yake wakiwa mbali. Akasema wawili, mimi na mhasibu. Tulikuta programu nne. Ya tatu ilikuwa ya fundi aliyehamia Mwanza miaka mitatu iliyopita. Ya nne hakuna aliyejua ni ya nani, na ilikuwa imewaka.