Entertainment! ya Gang of Four: waasi waliosaini na EMI

Albamu ya Entertainment!, iliyotoka Septemba 1979, haijawahi kuliepuka swali moja. Gang of Four, bendi ya vijana wanne wa jiji la Leeds, wanaimba dhidi ya biashara inayogeuza kila kitu kuwa bidhaa, hata mapenzi, kisha wanasaini na EMI, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za muziki Uingereza wakati huo. Mwaka 1978 walikuwa wameachia santuri kupitia Fast Product, lebo ndogo ya Edinburgh. Njia ya kujitegemea walikuwa nayo mkononi, wakaiacha.

Shutuma hiyo si ya kupuuzwa. EMI ilikuwa pia na kitengo cha elektroniki za kijeshi, rada zikiwemo, wakati wimbo wa kwanza wa albamu, "Ether", unazungumzia mateso ya wafungwa wa Ireland Kaskazini na kulitaja gereza la Long Kesh. Mtu akiwaita wanafiki, siwezi kumwambia amekosea hesabu.

Wanaowatetea wana hoja nao. Mwaka 1979 BBC iliwaalika kwenye Top of the Pops, kipindi chake cha muziki cha televisheni, kupiga "At Home He's a Tourist", ikawataka wabadilishe neno linalomaanisha kondomu. Walikuwa radhi kulibadilisha, ila si kwa namna iliyoficha kwamba wamelazimishwa. Wakaondoka. Kwa bendi iliyokuwa ndiyo kwanza inatafuta wasikilizaji, ile ilikuwa hasara kubwa, na wakaikubali.

Hata hivyo, kwangu mimi siasa ya albamu hii imo zaidi kwenye upigaji wake kuliko kwenye mkataba. Sikiliza "Not Great Men". Mashairi yanakataa kwamba historia hutengenezwa na mashujaa wachache, na muziki nao unakataa kuwa na shujaa. Besi ya Dave Allen na ngoma za Hugo Burnham ndizo zinazobeba wimbo. Gitaa la Andy Gill linakatakata, linanyamaza, linarudi kama chuma kikavu. Pale unapotarajia solo, anaacha nafasi tupu. Utaratibu huu ulitoka kwenye fanki ya Wamarekani weusi: kwa James Brown, gitaa na tarumbeta hupigwa kama ngoma, na kila ala huingia kwa zamu yake. Wapo wanaosema vijana hawa weupe wa chuo walichukua mdundo wakaacha joto lake. Joto kweli limepungua. Lakini walichochukua ni msingi wenyewe, usawa wa ala, na wakaupa kazi mpya. Huko si kuiga juujuu.

Udhaifu wao naona uko kwingine. Mashairi yamejaa nadharia za kumbi za mihadhara, na mfanyakazi wa kiwandani aliyeinunua mwaka ule wa Margaret Thatcher kuingia madarakani angeweza kuuliza anaambiwa nini asichokijua tayari. Tena mdundo mtamu huachana na maneno kirahisi. "Natural's Not in It", wimbo unaohoji jinsi starehe tunavyouziwa, miongo mitatu baadaye ulitumika kwenye tangazo la Kinect, kifaa cha michezo cha Microsoft. Hapo wakosoaji wameshinda, na nasema hivyo kwa uchungu, maana ni wimbo ninaoupenda sana. Sidhani lebo ndogo ingeuzuia wimbo huo kupendwa na watangazaji. Kilichowavutia ni fanki yake.

Wimbo wa mwisho, "Anthrax", sioni tangazo litakaloutaka. Kwenye spika moja mwimbaji Jon King anaimba mapenzi kama ugonjwa wa kimeta, kwenye nyingine Gill anaeleza kwa sauti ya kawaida kwa nini bendi hupenda kuimba mapenzi, na gitaa linapiga mayowe juu yao wote wawili.

Mwaka 2005 walirekodi upya nyimbo zao za zamani, zikiwemo kadhaa za albamu hii. Sauti ilitoka nene zaidi, nafasi zile tupu zikajaa, na mimi bado nasikiliza zile walizoirekodia EMI.