Saa ya Miyoo Mini Plus iwekwe na mtandao kabla gemu haijafunguka

Miyoo Mini Plus, mashine ndogo ya gemu ya mkononi, haina chipu ya saa yenye betri yake. Ukiizima kabisa, hakuna kinachohesabu. Ikiwashwa tena kwa Onion, mfumo mbadala ambao wengi huuweka humo, inasoma muda wa mwisho uliohifadhiwa kwenye kadi ya SD na kuendelea hapo hapo, hata kama umeiweka kabatini wiki nzima. Kwa gemu nyingi hilo halina madhara. Kwa Pokémon Gold, Silver na Crystal ni balaa, maana gemu hizo hufuata saa kupanga mchana, usiku na siku za wiki, na kuna matukio yanayopatikana siku moja tu ya juma.

Onion ina dawa mbili. Moja ni ya kukisia: "Emulated time skip" huongeza saa kadhaa kila mashine inapowashwa. Nyingine ni kuuliza mtandao. Kwa yeyote mwenye Wai-Fai nyumbani, au simu ya kurusha hotspoti, ya pili ndiyo ya kutumia. Ila iwashwe yote, si nusu.

Ingia Tweaks, kisha System, kisha Date and time, uwashe "Set automatically via internet". Wengi huishia hapo, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Wai-Fai huhitaji sekunde kadhaa kushika, ilhali Onion, ikiwa umeiruhusu, hurudi moja kwa moja kwenye gemu uliyoiacha. Gemu inafunguka na saa ya juzi, halafu jibu la seva ya saa ya mtandaoni linafika na saa inaruka huku gemu inaendelea. Ukiwa na saa za kukisia juu yake, ni vibaya zaidi. Umewasha mashine mara tano leo, kila mara imeongezewa saa 4, sasa iko mbele saa 20, na mtandao unairudisha nyuma. Kuruka mbele gemu huvumilia. Kurudi nyuma huiachia kumbukumbu ya siku ambayo bado haijafika.

Kwa hiyo washa pia "Wait for sync on startup", na saa za kukisia ziache kwenye 0. Kuwaka kutachelewa kidogo. Naamini chaguo hili lilipaswa kujiwasha lenyewe mara mtu anapokubali saa ya mtandao, kwa sababu hakuna anayenunua mashine ya gemu ili ajifunze mpangilio wa kuwaka kwake.

Kanda ya saa ichague kwa mkono. Kuna chaguo la kuikisia kwa anwani ya IP, lakini ukipita kwenye VPN au intaneti ya setilaiti anwani yako inaweza kuonekana iko nchi nyingine. Tanzania, Kenya na Uganda ni UTC+3 mwaka mzima. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ni UTC+2, Oman ni UTC+4. Anayeandika kanda mwenyewe kupitia SSH, yaani kuingia kwenye mashine kwa amri kutoka kompyuta, aangalie alama: katika mifumo ya Linux, thamani ya TZ (kanda ya saa) huandikwa kinyume, hivyo saa ya Afrika Mashariki ni EAT-3. Ukiandika EAT+3 utakuwa nyuma saa 6 kamili. Hiki pia ni kipimo kizuri cha kutafuta kosa. Dakika zikiwa sawa na simu lakini saa zimepishana, kosa ni la kanda. Hata dakika zikipishana, jibu la seva halikufika kabisa.

Jibu lisipofika, anza na redio. Wai-Fai ya mashine hii ni ya GHz 2.4 pekee, na hotspoti ya simu iliyowekwa kwenye GHz 5 haitaonekana hata kidogo. Pili, Wai-Fai ya hoteli au hosteli inayotaka ujaze namba kwenye ukurasa kwanza haitakufaa, kwa kuwa mashine inashika mtandao lakini pakiti zake hazipiti. Tatu, baadhi ya ruta za ofisini hufunga UDP 123, mlango wa NTP, itifaki ya kuulizia saa mtandaoni. Kwa SSH, jaribu `ntpd -n -q -p pool.ntp.org`, kisha `date -u`. Gharama ya bando isikutishe: swali ni baiti 48, na pamoja na vichwa vya UDP na IP ni 76, jibu vivyo hivyo.

Kuna programu zinazochukua saa kwa HTTPS badala ya NTP, na hilo nalipinga. Mashine yenye saa ya mwaka 1970 hukataa cheti cha seva kwa kuwa kinaonekana hakijaanza kutumika. Inahitaji saa ili ipate saa. Kwa sababu hiyo hiyo upakuaji wa picha za gemu hugoma saa ikiwa mbovu. Na anayenakili sevu (faili za gemu alipofikia) kwa `rsync -u`, amri inayoacha faili la zamani lisifute jipya, yuko hatarini: sevu mpya yenye tarehe ya zamani inarukwa, ya zamani inabaki.

Mwaka uliokosewa nao una hesabu yake. Chipu ya MBC3 ndani ya katriji za Pokémon Gold ilihesabu siku kwa biti 9, kuanzia 0 hadi 511, na emuleta, programu inayoiga mashine ya zamani, huiga hivyo hivyo. Saa ikiruka miaka miwili, hesabu inafurika na kuanza upya kutoka 0.

Kwa wanaoandika programu hizi: msizike anwani ya seva moja ndani ya programu. Mwaka 2003 ruta za nyumbani za Netgear zilizofanyiwa hivyo zilikifurikia Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison kwa maswali ya saa, kwa kuwa zilipokosa jibu ziliuliza tena kila sekunde. Tumieni jina la pool, yaani kundi la seva nyingi za saa, mwulize mara moja kwa kila kuwaka, na kati ya jaribio moja na jingine mwongeze muda. Msitoe tu 2,208,988,800 (sekunde za kuanzia 1900 hadi 1970) kwenye sekunde za NTP mkadhani mmemaliza, kwani hesabu hiyo ya biti 32 inarudi sifuri tarehe 7 Februari 2036, na mashine hizi zitakuwa bado mikononi mwa watu. Seva isipojibu ndani ya sekunde 15, fungueni gemu kwa saa iliyohifadhiwa, na jibu likichelewa kufika, lisiguse saa mpaka gemu ifungwe.