Nimemwamkia mama mkwe nikiwa ndani ya ukuta

Mlioona ile video kwenye stetasi ya rafiki yangu (anajijua, simtaji, ila nauli yake ya kurudi Mbagala siku ile nililipa mimi), naombeni mnisikilize na mimi. Ameweka sekunde 18 tu, na maneno "Huku Goba ukuta umemeza mtu". Anasema nililia. Sikulia. Lile ni vumbi.

Najenga ukuta wa baraza kwa udongo wa kushindilia. Unachukua udongo mwekundu, unachanganya na mchanga na saruji kidogo, unamwaga kwenye boksi la mbao kama sentimita 15, unashindilia mpaka zibaki 10 hivi na mlio ubadilike kutoka "pu" kuwa "ti". Maji ni kidogo sana. Unafinya donge, unaliachia kutoka usawa wa kiuno. Likivunjika vipande vichache, endelea. Likikaa chapati, umezidisha. Mtihani huo nilifaulu. Udongo wangu hauna kosa lolote, hilo naomba lieleweke hata na wabaya wangu.

Tatizo ni boksi. Fundi alishauri tufunge la futi 2, tushindilie, tulifungue, tulipandishe juu. Huu si zege la kusubiri likauke. Boksi unaweza kulitoa siku hiyohiyo. Nikakataa. Nilitaka ukuta usio na alama ya maungio, upendeze kwenye picha. (Picha za kuwapostia nyie. Mnaona mnavyoniponza?) Tukafunga futi 6 kwa mkupuo. Marini bodi (plaiwudi ya kuhimili maji) za milimita 18, mbao za inchi 2 kwa 4 mgongoni maana kila pigo la kishindilio linasukuma bodi nje, nondo zenye nyuzi kutoka bodi hii hadi ile, nati zikakazwa hadi mbao zikalia. Nafasi ya ndani sentimita 35. Tukapaka oili chafu ili udongo usigande kwenye bodi.

Nilipima kila kitu isipokuwa viwili. Kishindilio kilichomelewa kwenye kipande cha bomba cha mita 1, makombo ya karakana, nikauziwa kwa bei ya kunionea huruma. Cha pili ni tumbo.

"Bosi, hakifiki chini."

"Nitaingia."

Fundi akalitazama tumbo, akalitazama boksi, akaenda kunawa mikono. Nilipaswa kuelewa.

Niliingia kiubavuubavu, pumzi nimeitoa yote. Nikashindilia tabaka la kwanza, la pili, uso umebandikwa kwenye bodi kama stempu. Nikasema basi, nipumzike. Nikavuta pumzi.

Hapo ndipo tumbo lilipokaa.

Nikajaribu kupanda. Mikono imebanwa, haipiti juu ya mabega. Nikakanyaga bodi, mguu ukateleza kama kambale. Nikakanyaga tena, ukateleza. Ile oili ilifanya kazi yake vizuri kabisa, hakuna kilichoganda humo zaidi ya mwenye nyumba. Saidia fundi, ambaye haoni ndani, akamwaga ndoo nyingine ya udongo. Nikapiga kelele. Akasema, "Samahani bosi, nilidhani umeshatoka." Ndipo nikasikia rafiki yangu anacheka ile ya kuzuia, na simu inaita "tii", ile sauti ya kuanza kurekodi.

Na geti likalia.

Namjua mama mkwe kwa kandambili zake. Zilikuja pwata, pwata, pwata, zikasimama mbele ya ukuta. Kwenye ukingo wa boksi yalionekana macho yangu na kipara tu. Sasa fikirieni: mkwe wako kaja, wewe umo kwenye mbao, kimya ni utovu wa adabu.

"Shikamoo mama."

Kimya. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatazama juu ya mwembe.

"Marahaba... Nani huyo?"

Fundi, mtu mzima mwenye wajukuu, akajibu kwa heshima zote: "Ni mkweo, mama. Yumo ndani ya ukuta."

Akasogea. Macho yetu yakakutana juu ya bodi. "Hujambo baba?" akauliza, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa. "Sijambo mama, karibu." Nilimkaribisha, jamani! Nikiwa nimefukiwa hadi magotini! Nikamwambia saidia fundi amletee kiti.

Mengine ni ya haraka. Walilegeza nati za upande mmoja, bodi ikaachia, udongo ambao haujashindiliwa ukaporomoka, nami nikaufuata. Suruali ilinasa kwenye nondo. Kwamba nilitoka bila suruali ni uongo, ilikuwepo, magotini. Mama mkwe aligeukia mpapai wa jirani akaanza kuhesabu mapapai. Mpapai ule ni dume.

Bodi nimezikata za futi 2, bomba nimenunua jipya, refu. Ukuta unapanda, na alama za maungio zinaonekana, nazipenda. Fundi kila kabla ya kumwaga anagonga boksi na kuuliza, "Bosi, umo?"

Jana mama mkwe kampigia simu mke wangu. Hakuulizia wajukuu. Kauliza, "Baba yao ameshatoka?"